Madoa Tumboni mwa Chatu

Madoa ya kwanza niliyaona Jumapili moja asubuhi, nilipomwinua chatu kutoka kwenye sanduku lake ili nimbadilishie maji. Magamba matatu ya tumboni, karibu na mkia, yalikuwa na rangi ya chai iliyomwagikia kitambaa cheupe. Nilidhani ni uchafu. Nikayafuta kwa kidole, hayakutoka. Nikayafuta kwa pamba yenye maji, hayakutoka. Basi nikakaa kitandani, chatu kajizungusha mkononi, nikaanza kutafuta ni kosa gani nililomfanyia.

Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kutafuta makosa. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, nikawa msaidizi wa mganga wa mifugo, na serikali ikanipeleka Gisenyi, mji ambao sikuwa na ndugu hata mmoja. Nimekulia Usumbura, katika mitaa ya Waswahili, na Kinyarwanda changu kilitosha kuomba maji na kuuliza njia tu. Siku za kazi nilipanda hadi vilima vya Kanzenze kuchanja ng'ombe, alasiri nikarudi kwenye chumba changu cha matofali mtaa wa Nengo, nikafunga mlango. Kuna siku zilizopita bila mimi kusema neno lisilohusu ng'ombe.

Chatu aliletwa na mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, aliyekuwa anahama kurudi kwao. Alimpata huko mabondeni kwenye joto, akamfuga tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Alisimama mlangoni mwa ofisi na sanduku la mbao lenye wavu, akasema mimi nimesomea wanyama, nitajua la kufanya. Nilitaka kumwambia kwamba katika madaftari yangu yote ya chuo nyoka ametajwa mara moja tu, pale panapoelezwa jinsi ya kumtibu ng'ombe aliyeumwa naye. Badala yake nikasema, "Ndiyo, bwana." Niliogopa asije akafikiri sikusoma.

Chatu mwenyewe hakuwa na sumu wala ubishi. Urefu wake ulikuwa kama mikono yangu miwili ikinyooshwa. Jioni nilimweka begani nikiandika ripoti, na uzito wake ndio kitu pekee kilichokuwa kimenigusa tangu asubuhi. Kwa hiyo nilipoyaona yale madoa sikuwaza ugonjwa tu. Niliwaza kile chumba bila yeye.

Niliamua kwamba ngozi yake imekauka. Mzungu alikuwa ameniambia chatu hupenda maji, na mimi nikalichukua neno lile kama sheria. Nililowesha nyasi za sanduku asubuhi na jioni. Nikafunika wavu kwa gunia bichi ili unyevu usitoke. Baada ya wiki moja madoa matatu yalikuwa kumi na moja, na mawili yalikuwa yamevimba na kujaa maji, mfano wa mkono ulioungua. Panya niliyempa hakumla. Nikaongeza maji.

Nilimwandikia barua mwalimu wangu wa chuo. Ya kwanza ilionekana kama ya mtu asiyejua kazi. Ya pili ilionekana kama ya mtu anayejidai. Niliandika saba, sikutuma hata moja.

Jirani yangu wa karibu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa makamo ambaye babu yake alifika na misafara ya biashara. Alikuwa akishonea barazani, kwa hiyo aliona kila aliyepita, na mimi nilikuwa nikipita haraka ili nisimchoshe na salamu. Siku moja alinisimamisha.

"We kijana, njo hapa kidogo. Ni kweli iko nyoka mu nyumba yako?"

"Ndiyo, fundi. Ni chatu. Hana sumu."

"Na unalala?"

"Nalala kidogo."

"Yeye ndiye iko nalala, wewe hapana. Angalia macho yako." Alikata uzi kwa meno. "Sisi nyoka ikiingia mu nyumba, tunaiambia siku tatu itoke. We unaiambia ibaki."

"Anaumwa, fundi. Ngozi yake inaharibika."

Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. "Donc, basi we ni muganga wa ng'ombe, na mugonjwa yako haina hata mguu moja!" Akacheka mpaka akaondoa miwani. Nilicheka pia, kisha njia nzima nikawaza kama alikuwa ananicheka mimi au ugonjwa, na kama nilipaswa kukaa.

Nilianza kumpaka iodini, niliyoizimua kwa maji mpaka ikawa nyepesi kama chai ya rangi. Siku ya nne macho ya chatu yaligeuka. Yalikuwa meusi na mang'avu, sasa yakawa na ukungu wa buluu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Mwili wote ukafifia. Nilijua mara moja kwamba nimempofusha kwa dawa yangu. Niliketi sakafuni mbele ya sanduku na sikuenda kazini. Ndiyo siku pekee niliyokosa kazi mwaka ule, na hakuna aliyekuja kuuliza niko wapi.

Kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumuuliza, nililisoma daftari langu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika kila kitu tangu siku ya kwanza, kwa sababu naandika kila kitu. Nilisoma: nimelowesha nyasi. Nimefungua kutazama. Nimemtoa, nimemgeuza, nimemrudisha. Nimefungua kutazama. Nimefungua kutazama. Siku moja, kabla ya saa nne asubuhi, nilikuwa nimelifungua lile sanduku mara tisa. Halafu nikakuta ukurasa wa miezi miwili nyuma, niliokuwa nimeusahau: "Macho yamefifia, rangi imefifia. Siku ya nane amevua ngozi." Wakati ule nilikuwa nimelala Kanzenze wiki nzima kwa ajili ya chanjo. Sikumgusa, na ngozi ilitoka.

Kumbe hakuwa kipofu. Alikuwa anajiandaa kuvua ngozi, na mimi nilikuwa nambughudhi. Yale madoa nayo nikayaelewa, kwani ng'ombe akilala kwenye tope siku nyingi kwato zinaoza, na hilo nimelisomea na kulifanyia mtihani. Nilikuwa nimemlaza mnyama wangu kwenye tope kwa mikono yangu, kwa upendo.

Nilitupa nyasi. Nilisugua sanduku kwa maji yaliyochemka, nikalianika juani mpaka mbao zikalia, nikatandika magazeti makavu. Kwenye kona moja niliweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, kwa sababu baridi ya Gisenyi si ya chatu. Iodini mara moja kwa siku, pamba mpya kila doa. Baada ya hapo kazi iliyobaki ilikuwa kufunga mlango wa wavu na kuondoa mkono wangu, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Jioni niliandika ripoti bila kitu begani. Nilisikia magazeti yakichakarika na sikuinuka. Ila siku mbili nilishindwa, nikainuka.

Macho yalirudi kuwa mang'avu. Siku chache baadaye ngozi ilianza kutoka, lakini ilitoka vipande vipande, kama rangi ya ukuta wa zamani. Kwenye madoa iligandia kabisa, na mkiani ilibaki pete inayombana. Nilijua kuivuta ni kuondoka na ngozi mpya ya chini. Nilijua pia kwamba pete ile ikikaa, mkia utakufa. Mambo hayo mawili niliyageuza kichwani hadi sokoni, ambako muuza samaki, mama wa pwani ya ziwa ninayenunua kwake samaki wadogo, alinitazama.

"Veterineri, mbona uko na sura ya mutu alifiwa?"

"Mgonjwa wangu ameshindwa kuvua ngozi."

"Sema tena. We unasema Kiswahili kama kitabu."

Nilimweleza. Hakushtuka, alifunga samaki wangu kwenye jani. "Mama mukwe yangu akiwa na upele, anaenda ku maji ya moto kule ziwani. Anakaa, ngozi inalainika, upele inatoka. Nyoka nayo iko na ngozi, si ndiyo?"

"Lakini yale maji yanachemka, mama. Yatamchoma."

"Yewe! Nani alikuambia uingie pale inachemka? Uende pale maji inakutana na ziwa. Weka mukono yako kwanza. Walikufundisha nini huko?"

Asubuhi ya Jumapili nilimtia chatu kwenye gunia la unga, nikapanda baiskeli nikafuata njia ya ziwa. Kwenye chemchemi kulikuwa na wanawake wakilowesha miguu na wavuvi wawili wenye mgongo mbovu. Nilipofungua gunia, wavuvi wenye mgongo mbovu ndio waliokimbia kuliko wote. Muuza samaki alikuwepo, akacheka akapiga makofi. "Mumeona dawa? Mugongo imepona!"

Nilikwenda pembeni, nikajaribu maji kwa mkono, nikasogea, nikajaribu tena, mpaka sikuhisi moto wala baridi. Nilimshika pale, kichwa juu ya maji, muda mrefu. Kisha nikamzungushia kitambaa kilicholowa na kumwacha apite ndani yake mwenyewe, kwa nguvu zake. Ngozi ikabaki kwenye kitambaa. Pete ya mkiani ilitoka mwisho, laini kama karatasi ya sigara. Jicho moja lilibaki na utando wake. Vidole vyangu vilitaka sana kuubandua. Sikuugusa, nikamrudisha nyumbani, nikamkausha.

Wiki sita zilizofuata nilifungua sanduku mara moja kwa siku. Alikula. Kisha siku moja nilirudi kutoka Kanzenze nikaikuta ngozi juu ya magazeti, nzima kutoka mdomoni hadi mkiani, na utando wa macho yote mawili umo, umekaa kama vioo vya saa ndogo. Nilimwangalia mwenye ngozi kupitia wavu. Tumboni palikuwa na makovu meupe machache, basi.

Sikuwa na mtu wa kumwonyesha, na hilo lilinifanya nisimame mlangoni muda mrefu kuliko ilivyostahili. Mwishowe niliichukua ile ngozi nikaipeleka kwa fundi. Aliitazama kwa mbali, akaja, akatoa utepe wake wa shingoni akaipima.

"Futi sita na kidogo. Na haina mushono," alisema taratibu. Akaipapasa kwa ncha ya kidole. "Nani alishona hii bila mushono?" Halafu akasukuma kigoda kwa mguu. "Ikala. Unapitaka hapa kila siku kama mutu anadaiwa."

Nilikaa. Naye akarudi kwenye cherehani, akashona. Kabla ya magharibi niliaga nikarudi. Chatu alikuwa amejikunja karibu na chupa yake, mpya, anang'aa. Sikufungua. Nilikaa upande wangu wa chumba, yeye upande wake, nikaandika ripoti ya ng'ombe.