Jina la Gidudu kwenye Maji Taka

Jamani, kuna simu nyingine bora uzipokee ukiwa umekaa.

Nilikuwa kwangu Walukuba, Jinja, nakaanga mandazi. Dada mmoja wa maabara akaniambia: "Madinah, tumepata bakteria mpya kwenye maji taka. Tunaomba tuiite kwa jina la marehemu mume wako."

Nikamwambia aende zake huko! Jina la Gidudu wangu kwenye maji ya choo?

Akanieleza taratibu. Gidudu ndiye aliyekuwa akiwachotea yale maji mabwawani. Chupa aliyoifikisha asubuhi ile aliyogongwa na lori ndiyo iliyotoa hiyo bakteria.

Nililia mpaka mandazi yakaungua.

Ila jina si langu, ni la ukoo. Nikaenda Mbale, Namatala, kwa mama mkwe.

Kwao Wagisu, mtoto hupewa jina la marehemu. Lakini Gidudu alikufa bila mtoto, wakasema jina lake lina mkosi, asipewe yeyote. Shemeji yangu Wanyera alipopata mvulana juzi, niliwaomba wampe jina hilo. Wakanifukuza kama mbwa. Iliniuma kuliko mazishi yenyewe.

Mama mkwe ni mjane wa askari magereza, Kiswahili cha kambi hakijamtoka. Akanitolea macho.

"Wewe nataka kuweka jina ya mtoto yangu ndani ya mavi?"

"Mama, inakula uchafu. Maji yanabaki safi."

"Hiyo naua watu?"

"Hapana, mama."

Kisha, kwa sauti ndogo: "Nazaa?"

"Inazaa, mama. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, mpaka hesabu inakushinda."

Akafunika uso, mabega yakamtetemeka. Nikajua nimeharibu.

Kumbe!

"Wanyera! Leta ile mtoto!" Akampakata mjukuu wake mchanga. "Nani nasema Gidudu alikufa bila kuzaa? Sasa nazaa kushinda nyinyi yote. Mkosi imekwisha. Huyu ni Gidudu."

Kisha akaniwekea mtoto mikononi. "Madinah, shika bwana yako."

Nikamwita, "Gidudu." Tangu mazishi sikuwa nimemwita mtu jina hilo.

Hakuitika. Bado hajui kuitika.

Wenzangu, mkimkuta mjane asiye na mtoto, msimwambie mumewe hakuacha kitu. Hamjui. Na mkishampa cha kushika, mwacheni alie, maana aliyemtaka bado hajarudi.