Msusi wa Kiandutu Aliyetoa Ushahidi Dhidi ya Ndugu Yake

Saa mbili asubuhi, Njambi anatandika gunia mbele ya chumba chake cha mabati mtaani Kiandutu, mjini Thika, na kumketisha mteja wa kwanza katikati ya magoti yake. Kabla ya kugawa nywele, anapapasa kichwa chote polepole, kutoka utosini hadi kisogoni.

"Uso mtu atapaka poda," asema. "Kichwa hakifichiki kwa msusi."

Ndiyo sababu Zahra, mtafiti kutoka Nairobi anayechunguza masaibu ya wanawake wanaopigwa na waume zao, alimtafuta mapema mwaka jana, 1996. Wanawake wa mtaani walikuwa wakimnyamazia mgeni huyo. Njambi, mwenye umri wa miaka 41, akakubali kuwahoji kwa niaba yake alasiri, biashara inapopungua.

Waliyomsimulia yalishabihiana. Wengine walipofika kwa polisi waliambiwa hayo ni mambo ya nyumbani. Wengine walisuluhishwa na wazee: mume akatozwa mbuzi, mbuzi akaliwa, mke akarudishwa. Wachache waliofika kortini waliondoa kesi wenyewe, kwa kuwa aliyewapiga ndiye aliyewalisha watoto.

Kisha, Agosti, Ciku alikuja kusukwa. Ni mke wa Kinuthia, kitinda mimba wa kwao Njambi, aliyekuwa akichonga mawe ya ujenzi huko Ruiru. Chini ya kitambaa chake mlikuwa na jeraha lililoanza kutunga usaha. Ciku alidai ameangukiwa na sanduku. Njambi hakumbishia. Aliweka kitana chini, akamchemshia maji, akaanza kumsafisha. Ni hapo Ciku alipolia, akasema ni Kinuthia, kwa kifuniko cha sufuria, na wala si mara ya kwanza.

"Wengine niliwauliza kama mtu wa nje," Njambi anakumbuka. "Siku hiyo swali lilikuwa la kwetu."

Kinuthia ndiye mdogo wake ambaye Njambi alimbeba mgongoni utotoni, mama yao alipokwenda kuchuma kahawa ya watu. Anakiri kwamba alitamani kunyamaza. Badala yake alimpeleka Ciku hospitalini, na kutoka huko wakaenda kwa polisi. Afisa waliyemkuta aliwauliza kama wameshaona wazee. Njambi alimjibu kwamba wazee hawakupasuliwa kichwa, na hawakuondoka hadi taarifa ilipoandikwa.

Mama yao alifika Kiandutu siku iliyofuata, akamsihi mambo yaishie kwa wazee, asimfunge mtoto wa tumbo moja naye.

"Maitu," Njambi alimwambia mama yake, "mbuzi ataliwa na wazee. Kichwa ni cha Ciku."

Siku ya kesi, Ciku alitangulia kusimama mbele ya hakimu. Aliulizwa mara kadhaa nani alimpiga, akatazama sakafu tu. Ilipofika zamu ya Njambi, mwendesha mashtaka alitaka kujua uhusiano wake na mshtakiwa.

"Ni ndugu yangu," alisema. "Nilimlea."

Kisha akaeleza alichokiona na alichoambiwa. Kinuthia alikuwa ameinamisha kichwa kizimbani. Njambi alipomaliza, Ciku aliomba kusema tena, na safari hii alisema yote. Kinuthia alifungwa mwaka mmoja. Nje ya korti, mama alimpita Njambi kama mtu asiyemjua.

Baadhi ya wateja walimhama, wakionywa na waume zao kwamba mwanamke huyo anafunga watu. Lakini wapo wanaokuja kutoka hata Witeithie na nywele zao zimesukwa tayari. Hukaa kwenye gunia, wakazungumza na kuondoka. Wawili kati yao amewasindikiza kwa polisi mwenyewe.

Ciku na wanawe wanaishi naye. Anajifunza ususi, na hajaamua kama atarudi Ruiru.

Wiki iliyopita, mama alituma ujumbe, wa kwanza tangu kesi: Kinuthia, anayekaribia kumaliza kifungo, angependa kumwona dadake. Njambi anapanga kwenda Jumapili hii, baada ya kanisa, na amemwomba mama waandamane. Bado hajajibiwa.

"Nitamsikiliza Kinuthia kwanza," asema, akifunga ncha ya suko. "Akiniuliza kama najuta, nitamwambia nimelia sana, lakini sijutii. Na akitaka msamaha wa Ciku, si mimi wa kuombwa."