Bendera ya Upande wa Shimali

Niliondoka Juba Jumamosi ile kwa ajili ya mdogo wangu Kazungu. Hoteli ya kando ya mto tulikokuwa tukifanya kazi, mimi mapokezi, yeye fundi wa boti, iliandaa mashindano ya mashua ndogo za tanga mpaka Mongalla. Watu wa Juba mto huuita bahar. Basi Kazungu akampigia mama simu Kilifi akamwambia anashindana baharini. Mama hakucheka. Aliomba azungumze nami. "Pendo, we ndiye mkubwa. Nirudishie mwanangu mzima."

Kazi yangu ilikuwa kuzifuata mashua kwa nchi kavu na kuchomeka bendera katikati ya safari, mahali ambapo kila nahodha angeshuka, achukue utepe uliofungwa kwenye bendera, kisha aendelee. Kwingine kote ni matete. Pale tu ndipo pana ukingo wa kushukia, pande mbili za kijia kinachoshuka mtoni. Meneja alinionya kwamba upande mmoja bado una mabomu ya vita yaliyofukiwa ardhini. "Waulize askari upande ulio salama," akasema, kama mtu anayeagiza chumvi.

Saa moja asubuhi mashua sita ziliondoka. Nilipanda boda boda ya Wasswa, Mganda wa stendi ya Munuki, bendera mapajani. Tulivuka daraja, tukaipita Gumbo, tukaingia kwenye vumbi. Kandokando ya barabara kulikuwa na mawe yaliyopakwa rangi nyekundu: usikanyage. Kila nilipoliona moja nilivuta miguu ndani.

Saa tatu tulifika kwenye kizuizi cha askari barabarani. Wasswa alibanwa na askari mmoja kwa sababu ya kofia ngumu ya abiria, ambayo hakuwa nayo. Mimi nikamwendea mwenzake, mzee mwenye sauti ya taratibu, nikamwonyesha bendera na mto.

"Kan ita wosulu fi bahar, amsuku shimal," akasema. "Shimal bes!"

Moyo ukatulia. Nikifika mtoni, nishike shimali tu! Wazee wa bahari kwetu huita hivyo kaskazini. Nikamshukuru, nikajiona hodari wa lugha.

Saa nne kasoro tulikata kushoto, tukafuata kijia mpaka ukingoni. Mto ulikuwa mbele yetu, ukienda kaskazini, yaani mkono wetu wa kulia. Nikaingia kwenye nyasi za mkono huo, hatua kama kumi na tano, nikachomeka bendera, nikarudi nikijipangusa mikono.

"Madam, kwa nini weka huku?" Wasswa akauliza.

"Askari kasema shimali. Kaskazini."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Shimal? Madam, hapana! Kwa Arabu ya hapa, shimal ni mkono hii!" Akainua mkono wa kushoto. Kisha akapekua nyasi kwa ncha ya kiatu pembeni mwa kijia, na hapo, chini ya majani, likatokea jiwe jekundu.

Niliogopa, nasema kweli. Na kwenye kona ya mto tanga la kwanza lilikuwa limeshatokea, lenye kiraka cha buluu. La Kazungu. Alikuwa akiielekea bendera yangu moja kwa moja.

Tulipiga kelele. Upepo ulitoka kusini ukaturudishia kelele zetu.

"Ngoja, mimi iko mwepesi," Wasswa akasema, akivua viatu.

"Nyayo ni zangu," nikamjibu.

Nikarudi mle ndani, kila mguu juu ya unyayo wake wa kwanza. Pale nyasi zilipokuwa zimeinuka nikasimama, nikainama, nikatafuta alama ya kisigino. Nilihesabu kumi na nne. Nikang'oa bendera, nikageuka, nikatoka vilevile. Nilipofika kijiani nilikimbilia kushoto, nikaichomeka.

Kazungu alikuwa karibu kugusa ukingo. Ilimbidi ageuze mashua, tanga likapoteza upepo, mbili zikampita.

"Unanihamishia bendera, dada!" alifoka, akinyakua utepe. "Huna haya!"

Nililia tu, naye akadhani ni aibu.

Saa tisa alasiri aliingia Mongalla wa tatu. Mashua zilipakiwa kwenye lori, nasi tukapanda boda boda watatu, yeye nyuma yangu, amenuna.

Jioni kizuizini yule mzee alinitambua. "Shimal, tamam?" akauliza kama mambo yalikwenda sawa, akiinua mkono wa kushoto.

Wasswa, anayeelewa Kiarabu cha hapo, akamsimulia kila kitu, kisha akamgeukia Kazungu akamrudia kwa Kiswahili chake. Mzee aliushusha mkono polepole, akakaa kwenye gogo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza njia simtajii upande. Naonyesha kwa mkono. Jioni ile, tulipoanza kwenda, Kazungu alipitisha mkono ubavuni mwangu, akaushika wangu wa kushoto, na hakuuachia mpaka darajani.