Dhambi ya Kuazima

Mimi shida yangu ilikuwa moja: sikuwa na dhambi ya kusimulia. Katika ushirika wetu wa akina mama hapa Kaptembwo, kila Alhamisi mmoja husimama kushuhudia alikotolewa, na zamu hairukwi. Jirani yangu alikuwa ametolewa kwenye ulevi wa chang'aa. Aliyemfuata alitolewa kwa mganga, tena mara mbili, na akina mama wakalia mpaka leso zikaloa. Mimi niliokoka nikiwa darasa la tano. Kabla ya hapo nilikuwa nimeiba mahindi ya kuchoma, nayo yalikuwa ya kwetu.

Jamani, wivu ni kitu kibaya. Zamu yangu ilipofika nilisema Bwana asifiwe, kisha nikajisikia nikisema kwamba kwa miaka mingi nilikuwa natia maji kwenye maziwa ninayouza.

Nilidhani watalia. Wapi! Nilikuwa nimesahau kwamba nusu ya waliokaa pale ni wateja wangu. Tukafunga kwa maombi mafupi sana.

Kesho yake nilizunguka na mtungi mpaka saa nne, na hakuna aliyetoa sufuria. Mmoja aliniambia kupitia dirishani kwamba amenisamehe kabisa, ila siku hizi kwao wanakunywa strungi, chai bila maziwa.

Nikarudi nyumbani na mtungi umejaa. Anayekamua ni mama yangu. Ana ng'ombe mmoja, na mwaka mmoja kiangazi kilipotubana, ng'ombe akatoa vikombe vitatu, mama aliuza vikombe vitatu, bila kuongeza tone la maji. Wenye watoto wachanga walivuka barabara kuja kwake. Mama akauliza kulikoni, nikamweleza. Hakunifokea, na hapo ndipo nilipojua nimeharibu.

Aliketi kwenye kigoda chake cha kukamulia. "Kwa hivyo umewaambia mimi ni mwizi."

Nikasema hapana, nilijitaja mimi mwenyewe. Akauliza nani atajua kama maji yaliingia njiani au zizini. Nilikuwa nimeazima dhambi nipate kuliliwa, na aibu yake ikamwangukia mtu ambaye hakuwahi kumdanganya hata paka. Niliona haya hata kumtazama yule ng'ombe.

Alhamisi iliyofuata nilisimama bila zamu, nikasema ushuhuda wangu ulikuwa uongo mtupu. Mwenyekiti wetu, mtu asiyependa ratiba ivurugwe, akauliza basi mimi nimetolewa wapi. Nikasema nimetolewa kwenye ule ushuhuda.

Alikuwa bado anafikiria kama aseme amina, mama akaingia. Mama huwa haji ushirika wetu, anasema tunapiga kelele. Alikuwa na mtungi na vikombe. Akammiminia kila mmoja.

"Kunyweni," akasema. "Msichana wangu ni mwongo. Ng'ombe wangu si mwongo."

Wakanywa, na kesho yake milango ikafunguka. Lakini tangu siku hiyo kila mteja huniuliza kwanza kama ni mama aliyekamua, nami nilikuwa nikijibu ndiyo, kichwa chini.

Siku hizi mgongo umemshinda mama, ninakamua mimi. Wakiuliza, nawaambia ni mimi. Wananitazama, wanautazama mtungi, wanasita kidogo. Halafu wanaingia ndani kuchukua sufuria.