Nilipokataa mbao za mtarakwa

Nimewaficha watoto wangu kwamba natafuta mbao za jeneza langu.

Leo nilitoka kimyakimya hadi kwa muuza mbao, mama mmoja mcheshi. Nikaomba mtarakwa, maana mchwa hawaugusi. Nimefundisha misitu katika chuo cha Olmotonyi. Nani wa kunidanganya?

Nikakwaruza ubao kwa ukucha, nikanusa. Hakuna kitu. Nikakwaruza mwingine. Na mwingine.

“Mama, hii ni saipresi! Mtarakwa hunukia kama penseli.”

Wateja wakatazamana.

“Babu, harufu imejaa duka zima! Pua umeiacha nyumbani?”

Wakacheka. Nami nikacheka.

Wanangu, mkisoma hapa msinipigie simu wote kwa pamoja. Sijapona kama ninavyowaambia. Tangu nilipougua masika, sisikii harufu wala ladha, na loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando ninayoyasifia kila jioni, naimeza tu.