Upande wa Mama Kwenye Kompyuta

Fundi wa kompyuta alikuwa na mashine moja ambayo hakuigusa kwa miezi mitano: ya nyumbani kwake. Zamani aliigawa pande mbili. Upande wake aliweka mfumo wa Linux, skrini nyeusi na amri za kuchapa neno kwa neno. Upande wa mkewe, mwalimu, ulikuwa Windows yenye picha ya maua.

"Kwako giza tupu, kama umeme umekatika," mkewe alizoea kumtania.

Sasa mkewe ni marehemu, na fundi, mbishi wa kuzaliwa, hana wa kubishana naye. Ni mpweke, basi. Chai yenyewe anakunywa amesimama jikoni.

Jumapili mchana binti yake alipiga simu kutoka mbali.

"Baba, umekula?"

"Nimeshiba, mwanangu."

"Mama aliniambia ananiandikia barua humo kwenye kompyuta. Niliogopa kukuuliza. Naomba uitafute."

Neno la siri la mkewe hakulijua. Lakini akiwa upande wake aliweza kuzifikia faili za upande wa pili kwa amri moja, kazi aliyowafanyia wateja mpaka basi. Akaandika. Mashine ikakataa: upande ule haukuzimwa, umelala na kazi zake zikiwa wazi. Fundi akakumbuka. Asubuhi ya kwenda hospitali mkewe aliikunja tu kompyuta, akasema, "Nikirudi namalizia."

Kulikuwa na amri ya kuufuta usingizi huo na yote yaliyoachwa wazi. Kwa wateja huifanya bila kupepesa macho. Leo vidole viligoma. Akaingia kwa kusoma tu, bila kugusa kitu. Faili zikajipanga: mitihani, mitihani, mitihani jamani, halafu moja yenye jina la utani la binti yao, Kidoti. Akampigia, akamsomea kwa sauti:

"Kidoti, baba yako mkaidi, unamjua. Nikichelewa kurudi, mpigie kila siku. Muulize kama amekula. Akikwambia ameshiba,"

"Endelea, Baba."

"Imeishia hapo. Mistari hii ndiyo aliyohifadhi. Mengine yamebaki kule kwenye upande wake uliolala."

Binti akapenga kamasi.

"Baba, umekula?"

Fundi alitazama kikombe cha chai iliyopoa kando ya kompyuta.

"Bado, mwanangu. Tangu jana."