Vipimo Vilivyolingana Mno

Siku programu yangu ilipotoa majibu sawasawa na mtambo wa kweli, mpaka tarakimu ya mwisho, mtu mwingine angeruka kwa furaha.

Mimi niliingiwa na wasiwasi.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana kazi yangu wengi hamuijui. Hata dada yangu akiulizwa husema, "Yule? Anachezea kompyuta."

Kuna kiwanda cha spiriti ya hospitali. Katikati yake umesimama mnara mrefu wa chuma, na ndani zimepangwa sinia, moja juu ya nyingine. Chini wanachemsha. Mvuke unapanda, majimaji yanashuka, vinakutana kwenye kila sinia. Spiriti inaelekea juu, maji yanabaki chini.

Mimi naujenga mnara huo kwenye kompyuta, kwa hesabu tupu, ili mtu ajue kitakachotokea kabla hajagusa valvu.

Kazi hiyo naifanyia nyumbani. Dada alipoolewa mbali, tukabaki mimi na friji, na friji ndiyo ilikuwa inaongea zaidi.

Bosi alinipigia kwa nadra. Aliyeniandikia kila siku ni mmoja tu: mwendesha mtambo wa kile kiwanda, mzee niliyempa jina la Babu Mvuke. Sikuwahi kumwona. Alinitumia joto la kila sinia, nami nikalilinganisha na hesabu zangu.

"Shikamoo babu. Mnara umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu. Umeamka na nongwa."

Basi, siku yangu imeshapata mtu.

Tatizo, programu ilikuwa goigoi. Ilikisia sinia ya chini, ikapanda moja moja. Kosa dogo la chini likifika juu limeshakuwa jibaba, inabidi ianze upya. Naiwasha asubuhi, jua linazama bado inahangaika.

Siku moja nikiwa naosha vyombo, nikashtuka. Kila sinia inahusiana na majirani wawili tu: wa juu yake na wa chini yake. Kwa hiyo lile jedwali langu kubwa la hesabu karibu lote ni sifuri! Kwa nini kompyuta ipoteze muda kuzidisha sifuri?

Nikaacha vyombo na povu lake.

Nikapanga sinia zote zitatuliwe kwa pamoja. Programu inashuka ikipunguza visivyojulikana, kisha inapanda na majibu. Ikitaka kusahihisha kwa pupa, naikatia hatua nusu, isiruke ikapotea.

Nikaiwasha, nikageuka kumimina chai. Kugeuka tena, imemaliza.

Nikapiga kelele peke yangu sebuleni. Hakuna aliyeitikia.

Nikamwandikia Babu Mvuke.

"Nitumie na mimi niichungulie," akasema. Nikamtumia.

Tangu hapo vipimo vyake vikaanza kusogea karibu na vyangu. Kisha vikagandana navyo kabisa.

Sasa mtu wa kazi hii anajua: mtambo wa kweli hauna adabu hiyo. Kuna kipimajoto kilichochoka, kuna upepo, kuna mvua inayopoza chuma.

Nilipomwambia bosi, hakutaka kusikia. "Acha wasiwasi! Kiwanda kipya kinawashwa kwa hesabu zako. Hongera!"

Kiwanda kipya. Watu watasimama chini ya mnara wake, na spiriti haina mzaha na moto.

Nikamwandikia mzee. "Babu, huko mvua ipo?"

"Tele, mwanangu."

"Na mnara haujapoa hata kidogo?"

Akasoma, akaondoka mtandaoni.

Nikapanda basi kwenda kiwandani kwake.

Getini nilikuta majani yamefika magotini. Hakuna moshi, hakuna mngurumo, hakuna mtu. Nikausogelea mnara, nikauwekea kiganja.

Baridi. Kutu ikanibaki mkononi.

"Wewe ndiye mwanangu wa namba?"

Nikageuka. Mzee mwembamba, ovaroli imepigwa pasi, kola imefungwa mpaka juu, kama mtu anayekwenda zamu. Nyuma yake mlango wa chumba cha mitambo ulikuwa wazi. Kompyuta moja tu ilikuwa inawaka.

Juu ya kioo chake ilikuwepo programu yangu.



"Kilifungwa kitambo," akasema. "Wenyewe wakaniacha nilinde. Ofisi yenu hawakuiambia, na mimi nikanyamaza. Mwanzo nilikuwa nabadilisha kidogo namba za zamani. Ulipoleta hii ya haraka, nikaona inabuni vizuri kuliko mimi."

"Kwa nini, babu?"

Akatazama viatu vyake. "Ningekwambia mnara umekufa, kesho yake ungeniandikia nini?"

Huruma na hasira vilinipanda kwa mpigo. Hasira ikafika kwanza.

"Watu wangeungua, babu! Wazima wazima!"

Akakaa chini polepole. Nadhani hilo halikuwahi kumpitia kichwani.

Nikampigia bosi palepale. Akasimamisha kila kitu: programu isiguswe na mtu mpaka ipimwe kwenye mnara ulio hai. Hongera zangu zikayeyuka, na sehemu ile ya kazi akapewa mwingine.

Nikaondoka bila kuaga.

Nyumbani nikaapa simwandikii tena. Simu nikaiweka kifudifudi. Kila asubuhi mkono unaifuata wenyewe, nairudisha.

Mpaka siku nilipojiuliza: hivi mimi nilikuwa nasubiri namba, au nilikuwa namsubiri mtu?

Nikapiga. Mara ya kwanza kusikia simu yake ikiita.

"Babu, leo sina kazi ya kukuuliza. Nataka kujua habari zako tu."

Akakohoa. 

"Zangu mimi?" akasema. "Mwanangu, hata sijui nianzie wapi."

Akaanzia kwa marehemu mke wake. Tuliongea mpaka chaji ikaisha.

Ndugu zangu, kama kuna mtu mnayezungumza naye kazi tu, mjulie hali leo. Msiache kazi ndiyo iwe kisingizio chenu cha pekee. Kisingizio kikifa, mpweke atabuni kingine, na hicho cha kubuni kinaweza kuchoma watu.